Neno la Mwisho la Mzee wa Bel-Air

Mimi ni mwalimu mkali, nasema wazi. Jumanne na Alhamisi jioni nafundisha watu wazima Tshiluba, lugha ya wazee wetu waliotoka Kasai, ndani ya darasa la watoto hapa mtaani Bel-Air. Magoti ya watu yanagonga meza, na mtu akichelewa namwambia mbele ya wote: "Rudi kwako, ukalale!" Wananicheka, lakini wanakuja. Wengi wamezaliwa Lubumbashi, wamelelewa kwa Kiswahili na Kifaransa.

Kati yao alikuwa baba mmoja wa miaka hamsini hivi, kazi yake kupakia mizigo ya ndege kule uwanja wa Luano. Kichwa kigumu, ee Mungu wangu! Wiki ya tatu bado salamu zinamshinda. Siku moja nilichoka, nikamuuliza: "Weye unatafuta nini hapa?"

Hakukasirika. "Mama mwalimu, baba yangu iko anakufa. Tangu damu ilimupanda ku kichwa, Kifaransa ilimutoka, Swahili ilimutoka, ilibakia tu Tshiluba. Anasema, anasema, na miye sisikie kitu."

Nilimwelewa, maana hata baba yangu alitunyima lugha hii, nikajifunza ukubwani. Tangu miaka ile Wakasai walipoanza kufukuzwa hapa Katanga, wazazi wengi walikataza lugha yao nyumbani ili watoto wasijulikane. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na woga, na woga ule ulitulinda.

Lakini kilichomnyima usingizi zaidi ni matanga. Katika ukoo wao, mzee akishazikwa, mtoto wa kwanza anasimama mbele ya ndugu za baba na kutoa neno la mwisho aliloachiwa. Asipokuwa nalo wanaanza kumtazama vibaya: mzee alikufa amemkasirikia nani? Nani alimloga? Na hao baba wadogo wangetoka Mbuji-Mayi, kule Kasai, watu wasiomjua hata sura. Jirani wa kumtafsiria hakumtaka, maneno ya mzee yasije yakatembezwa mtaani.

Basi nilimkazania kuliko wote. Alipoweza kusalimia na kusema "mimi ni mtoto wako", alikwenda kando ya kitanda cha baba yake, akayasema yote mawili, akawasha telefoni kurekodi jibu. Alhamisi alibaki nyuma wenzake walipotoka, akaniwekea telefoni sikioni.

Sauti ya mzee ilikuwa nyembamba, ila maneno yalikuwa safi. "Huyu mtu ni nani? Si mtoto wangu. Amekuja kuniua. Watoto wangu wako wapi? Mwondoeni!" Halafu kikohozi, na tena: "Mwondoeni."

Mwanafunzi wangu alikuwa ananitazama mdomoni. "Anasema nini, mama? Neno ya 'mutoto' nalisikia!"

Mimi nisiyemhurumia mtu darasani, siku ile roho ilinishinda. Nikamwambia: "Anakubariki. Anasema weye ni mutoto wake wa kweli, uchunge bandugu zako."

Alilia, uso wake juu ya meza ile ndogo. Akaniambia hataisikiliza tena, ataitunza kwa ajili ya matanga. Hapo hapo ningesema ukweli. Sikusema. Nilijidanganya kwamba mzee atapata nafuu, atampa neno lingine zuri, na hili la kwanza litafutwa.

Mzee aliishi miezi saba bila kufungua mdomo tena. Mtoto wake hakukosa darasa hata moja. Mara ngapi nilijaribu kumwambia! Kila nikimwita pembeni alinitangulia na aksanti zake, na mimi naishia kumuuliza hali ya mgonjwa, mwoga mkubwa mimi. Kichwa kile kigumu nacho kilifunguka, hata akawa anawakosoa wenzake.

Mchana wa matanga uwanja wa nyumba ulijaa. Nilikaa chini na wanawake, nyuma ya baba wadogo watatu. Mwanafunzi wangu alisimama ndani ya suti nyeusi, akawasalimia kwa Tshiluba safi, na wazee wale wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo nikaona anaunganisha telefoni na kipaza sauti. Mama weee! Nilijiinua, nikasogea mbele nikipita juu ya miguu ya watu. Aliponiona akafurahi. "Huyu ndiye mama alinifundisha," akawaambia, na watu wakanipigia makofi. Akabonyeza.

Sauti ya mzee ikajaa uwanja mzima. Yule mkubwa wa baba wadogo aliweka kikombe chini, akamtazama mtoto wa kaka yake kuanzia viatu hadi kichwa. Lakini mtoto huyo alikuwa ananitazama mimi. Hakuniuliza tena baba anasema nini. Nilikuwa nimemfundisha vizuri, alisikia kila neno.