Msichana Aliyetaka Nimwamkie

Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu kwenye foleni ya pantoni. Tena ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, na tumboni nina chai na chapati mbili. Nayasema haya mapema kwa sababu nawajua watu. Ukianza kisa cha namna hii wanakimbilia kusema ulikuwa na njaa, ulikuwa umechoka, giza limekuchezea. Giza gani? Niliyemwona nilimwona kwenye mwanga mweupe, na nilimpakiza kwenye baiskeli yangu.

Mimi nauza zipu na vifungo Kariakoo. Kazi yangu ni ya kukaa, na mwili ulipoanza kuzidi, daktari akanionya kuhusu presha. Shoga yangu Zuhura, muuza viatu vya mtumba Mchikichini, ndiye aliyeniambia tununue baiskeli. Nilimcheka. Mwanamke mzima, na hijabu yangu, na watoto wangu wa sekondari, niende kupiga pedali? Lakini tulinunua. Tangu hapo kila Jumapili tunavuka Magogoni na pantoni ya alfajiri, tukifika Kigamboni tunaiacha lami na kushika njia ya changarawe inayoingia ndani. Kule ni vilima na mabonde, mikorosho na minazi, na gari hulioni. Unachosikia ni tairi zako zinavyosaga kokoto. Sisi tuliozaliwa Ilala, niamini, tunaweza kuogopa ukimya ule siku ya kwanza.

Katikati ya njia kuna magofu ya msikiti wa kale. Kuta za matumbawe zimebaki usawa wa kiuno, na pembeni yapo makaburi ya mawe yenye nguzo. Wenyeji wanasema nguzo zile zilikuwa zimepachikwa vibakuli vya Kichina. Watu wameving'oa, yamebaki matundu.

Jumapili hiyo Zuhura alikuwa na nguvu zake, akanipita na kupotelea mbele. Nilipofika kwenye magofu mnyororo wangu ukachomoka. Nikashuka, nikaurudisha, mikono yote ikawa grisi. Nilipoinua kichwa nikamwona msichana amekaa juu ya ukuta. Mwembamba, miaka ishirini na kidogo, amejifunga kaniki chini ya kwapa, miguu mitupu.

"Habari yako, mdogo wangu," nikamwambia.

Hakuitika. Akaniangalia vile unavyomwangalia mtoto aliyesahau adabu mbele ya wageni.

"Huniamkii?" akaniuliza.

Sasa wewe fikiria. Binti ambaye ningeweza kumzaa ananidai shikamoo! Nilitaka kumjibu jibu la Kariakoo, nalo nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kilichotoka kinywani, sijui nani alikitoa, kilikuwa ni, "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akatabasamu, nikauona mwanya wake. Akasema anaomba nimfikishe juu ya kilima.

Kwa nini sikukimbia? Nimejiuliza mara nyingi. Jibu nililonalo ni kwamba sikuogopa. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ina keria nyuma, na Zuhura kila siku ananitania niing'oe. Msichana akakaa upande, akashika kiti changu, tukaondoka. Kilima kile huwa nakipanda nahema mpaka naona nyota. Siku ile nilipanda kama nateremka. Keria haikulia, na nyuma yangu sikuhisi uzito wowote. Nilichokuwa nacho ni sauti yake tu.

Akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia mama yangu yupo, tunaishi naye Ilala, magoti yanamsumbua lakini yupo. Akauliza kama anakula vizuri, kama analala. Nikamjibu kama ninavyomjibu shangazi yeyote. Tukafika katikati ya kilima, ndipo akauliza, "Na kuku je, bado anawaogopa?"

Mama yangu, bibi wa watu, mwenye zaidi ya miaka sabini, hawezi kupita mbele ya kuku. Siku ya kuchinja anahamia kwa jirani. Hilo tunalijua sisi wa ndani, na tumefunzwa kutolisema nje.

"Bado," nikasema.

"Ni jogoo alimfanya hivyo. Alimdonoa hapa." Nikahisi kidole kwenye nyusi yangu ya kushoto, cha baridi kama maji ya mtungini. "Nilimwosha kwa maji ya chumvi, akalia mpaka usingizi ukamchukua. Nami sikukaa sana baada ya hapo. Mwambie pole."

Mama ana kovu kwenye nyusi ya kushoto. Ukimuuliza limetoka wapi, anasema amelikuta tu.

Juu ya kilima ipo mikorosho mitatu. Akasema nimshushe hapo. Nikakanyaga chini, nikageuka, na keria ilikuwa tupu. Chini ya mikorosho kulikuwa na mawe mawili, moja kichwani, moja miguuni, na nyasi zimeyafunika nusu. Hatua chache kutoka pale zilisimama bikoni mpya, vile vinguzo vya zege vya kuonyesha mipaka ya viwanja.

Zuhura alirudi kunitafuta akanikuta nimekaa chini nalia. Aliniona tangu mbali nikipanda, akaniambia, nikiongea na kucheka peke yangu, akadhani nina simu masikioni.

Jioni ile nilimweleza Mama. Nilikuwa na hofu, maana mama yake ni jambo ambalo halikuzungumzwa kwetu. Tulichojua ni kwamba alifariki wakati Mama akiwa mdogo sana, na shangazi yake akamvusha kuja mjini kumlea. Kijiji chenyewe baadaye kilihamishwa enzi za vijiji vya Ujamaa, watu wakapelekwa kando ya barabara, shangazi naye akafa. Mama hakuwa na kaburi la kwenda kulisomea dua, wala picha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kidole chake kikiwa juu ya kovu. Nilidhani ataniambia nimtafute shehe anisomee. Akauliza, "Alikuwa na sura gani?"

Nikamwambia. Uso mwembamba, mwanya, macho makubwa kidogo.

"Rangi je?"

Nikamwambia. Akasema, "Nieleze tena, taratibu." Nikaeleza tena. Mpaka adhana ya Isha nilikuwa naeleza uso ule, na mama yangu amefumba macho kama mtoto anayebembelezwa.

Siku chache baadaye tulimpeleka kule kwa bajaji. Pale kijiji cha barabarani tukampata bibi mmoja mkongwe, akatuambia kweli, kwenye mikorosho ile kulikuwa na mji wa watu, kaya moja tu, na mke wa pale alikufa na mimba yake akaacha binti aliyevushwa Dar. Mwenye kiwanja, mstaafu mmoja mpole, alikuwa keshachimba msingi wa ukuta. Alipoyaona mawe na kumwona Mama, aliwaambia mafundi wauzungushe ukuta, eneo lile libaki nje, na hakutaka tumshukuru.

Mama alivua viatu, akakaa kwenye mkeka. Shehe tuliyekwenda naye alipomaliza dua, Mama alisogea karibu na jiwe la kichwani.

"Shikamoo, mama," akasema. "Pole yako nimeipata."

Tangu hapo nimepita njia ile Jumapili nyingi. Kilima kimerudi kuwa kilima, nakipanda kwa jasho langu, na sijamwona tena. Lakini kuna moja nililobakisha. Msichana yule alikuwa na doa jeusi shingoni, chini ya sikio, kama tone la piko la kuchorea mikono. Hilo sikumwambia Mama, wala Zuhura, wala mtu yeyote. Nilitaka niwe na kitu kimoja cha bibi yangu ambacho ni changu peke yangu.

Juzi nimetoka dukani nikamkuta Mama anamsuka binti yangu ukumbini, anamsimulia habari za marehemu mama yake. "Alikuwa na doa hapa," akamwambia, akamgusa mtoto chini ya sikio. "Nilikuwa siwezi kulala mpaka niliwekee kidole."

Nikamuuliza nani amemwambia habari za doa.

"Nani aniambie?" akasema, akaendelea kusuka. "Nimekumbuka."

Basi wewe unayevuka na baiskeli yako kutafuta njia zisizo na magari, sikukatazi, nenda. Ila kuta zile usizikalie kama benchi, na usiokote hata kigae cha kibakuli. Mtu akitaka umwamkie, mwamkie, hata kama anaonekana mdogo kwako. Na kabla hujatoka nyumbani, kaa na mama yako, ujue analalaje na anakula nini. Utaulizwa habari zake mkiwa katikati ya kilima, na pale hakuna wa kumpigia simu.