Risasi Kwenye Gunia la Mchele

Kwa kupozi, mie hamniwezi. Juzi dukani Mtoni mwenye duka alitutolea bastola yake mpya, ya kweli ila mwili wa plastiki, nyepesi kama rimoti, haina hata nyundo nyuma.

"Nimeshatoa magazini ya risasi, cheza nayo tu dogo."

Nikajielekezea kifuani, kidole kwenye kifyatulio. Nikamwambia mama mmoja mteja, "Mama, nipige picha!"

"Ngoja kwanza nikuonyeshe inavyokokiwa," akasema mwenye duka, akaichukua. Alipovuta kile kifuniko cha juu kwenda nyuma, risasi nzima iliyokuwa imebaki ndani ikaruka nje, ikazama kwenye gunia la mchele.

Tukalitazama lile gunia kama vile linapumua. Bastola za zamani, nyundo ikisimama, tayari kufyatua, unaiona. Hii haikuonyeshi kitu.

"Nipimie kilo moja," yule mama akanong'ona, "ila usichote humo."