Siku Nilipomsaka Mwizi wa Masafa Ghorofa Tisa

Kariakoo kuna jengo moja ambalo nikilikaribia navuka barabara, na nikilazimika kuingia naingia nimeinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sarafu, na bado Bakari, mlinzi wa getini, ataniona tu na kupiga kelele, "Chidi mtangazaji! Leo tunasikiliza nini?" Najua mkishasikia kisa hiki na nyinyi mtaniita hivyo hivyo, basi afadhali niseme mwenyewe, maana Bakari akihadithia anaongeza chumvi, na kisanga chenyewe chumvi kinayo tayari ya kutosha sufuria zima.

Shangazi yangu Mwanahawa, dada yake baba, anakaa Ilala na kazi yake ni redio koli, zile redio za mkononi za walinzi na wasimamizi wa shughuli, unabonyeza kitufe ubavuni unaongea, unaachia unasikiliza. Redio hizo peke yake hazifiki popote ndani ya majengo ya Kariakoo, zege juu ya zege, kwa hiyo Shangazi anaweka mtambo paani unaoitwa ripita. Ripita ni kama yule jirani mbea wa uswahilini: inadaka alichonong'ona mmoja huko stoo ya chini na hapo hapo inawatangazia wote kwa sauti kubwa. Tatizo lake inamsikiliza mtu mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo mmoja aking'ang'ania kitufe, wengine wote wanabaki kutazamana.

Dawa ya ving'ang'anizi ipo, Shangazi anaiita mkasi. Ukiongea mfululizo kupita dakika moja, ripita inakukata, hata uwe unatoa wosia. Mimi mkasi ule ulikuwa unaninyima usingizi, kwa sababu nina kichekesho changu kirefu cha mwalimu wa zamu na mbuzi wa mkuu wa shule, na kila nikiwasimulia walinzi kwenye redio, nikifika pale mbuzi anapoingia ofisini, kacha, nimekatwa. Sasa siku moja Shangazi akanipa kompyuta nibadilishe majina ya chaneli kwenye mtambo (macho yake siku hizi yanagombana na kioo), nikaona sehemu ya mkasi, nikaandika sifuri. Sifuri maana yake hakuna kukatwa. Ni hicho tu nilichofanya, jamani, sifuri moja. Jioni ile nikasimulia kichekesho mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya majaribio. Kamati ya wapangaji wa jengo lile ilimpa Shangazi nafasi moja: walinzi watumie redio zake asubuhi nzima, kamati ikae ofisi ya chini na redio mezani isikilize, wakiridhika anapewa kazi ya jengo zima. Kazi hiyo alikuwa anaifukuzia tangu mwaka jana. Alivaa baibui jipya, akanukia udi kuanzia ngazini, akaniambia, "Chidi mwanangu, leo nakuomba kitu kimoja tu. Usiwe wewe."

Nikamwambia usijali, Shangazi, leo nitakuwa mtu mwingine.

Nilipewa ufunguo wa paani, nikauning'iniza shingoni, na redio ya akiba niipeleke kwa mlinzi wa ghorofa ya sita. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa (imekufa muda mrefu, waliibandikia tangazo la "matengenezo" na tangazo lenyewe limeshapauka), kwa hiyo ni ngazi. Redio ya akiba nikaisokomeza kwenye begi la shule, pembeni ya kitabu cha Fizikia nilichobeba ili mama aamini nitasoma, halafu begi nikalivaa kifuani. Kifuani, siyo mgongoni, kwa sababu ile ni Kariakoo, ukivaa begi mgongoni unakuwa umewabebea wengine. Na kitabu cha Fizikia kikajiegemeza kwenye kitufe cha redio, kikakibonyeza, kikatulia hapo. Toka nianze sekondari ndiyo mara ya kwanza Fizikia kufanya kazi upande wangu, na ilifanya vizuri sana.

Yaani mnaelewa? Kuanzia dakika ile, redio iko hewani, iko chini ya kidevu changu, na mkasi niliutoa mwenyewe. Mimi sijui. Niko ghorofa ya pili nahema.

Redio yangu ya kiunoni ikaanza kulia kama paka aliyefungiwa kabatini. Nikasema (na jengo zima likasikia nikisema), "Hee! Mwingiliano huu!" Shangazi alishanifundisha: kuna vifaa vibovu, taa za bei chee, chaja, redio za watu wasio na kibali, vinavujisha mawimbi yanaingia kwenye masafa yako na kuyaziba. Kumsaka mwizi wa namna hiyo, unaweka redio kwenye masafa yale ambayo ripita inayasikiliza, unatembea ukitazama vijistari kwenye kioo: vikiongezeka, unamkaribia. Nikaweka. Nikapunguza sauti mpaka mwisho, kwa sababu ile kelele ya paka ilikuwa inatia kichefuchefu. Nikatazama kioo. Vistari vimejaa vyote.

"Yuko hapa hapa," nikasema. "Namsikia harufu."

Nikapanda ghorofa ya tatu. Vistari vimejaa. Ya nne, vimejaa. Mtu mwenye akili angejiuliza inakuwaje mwizi mmoja yuko kila ghorofa ninayofika mimi, lakini nilichowaza mimi ni kwamba ni genge.

Ghorofa ya nne kuna duka la Mama Nasra, anauza vigari vya watoto vinavyoendeshwa kwa rimoti, vinawaka, vinaimba, vinabinuka. Nikasimama mlangoni, redio mkononi, begi kifuani, mkao wa afisa.

"Shikamoo mama. Zima vigari vyote."

"Marahaba. Kwani we nani?"

"Mtu wa mawasiliano. Duka lako linaua masafa ya jengo."

Yule mama akazima kigari kimoja kimoja, huku mtoto wa mteja wake analia anataka kile chekundu, akazima na taa, akazima na feni, tukabaki gizani tunatoka jasho, na vistari bado vimejaa. Nikamwambia, "Na simu." Akazima. Bado. Akaniuliza, "Na mimi mwenyewe nizimike?" Nikaaga kwa heshima. Nilipofika kwenye ngazi nikajisemea kwa sauti ya chini, "Huyu mama ana kiburi, na vigari vyenyewe vinakufa kabla hujafika nyumbani." Redio mezani kwa kamati iliyapokea hayo vizuri kabisa. Mama Nasra naye, mjue, ni mwanakamati, ila siku hiyo aliomba udhuru kwa sababu ya wateja.

Simu yangu ikaanza kuita. Shangazi. Nikaitazama nikasema, "Huyu naye, ananipigia kunihimiza tu, nikipokea ataanza hotuba. Nitapokea nikishashinda." Ikaita tena. Nikaizima mlio. Ndugu zangu, alikuwa ameketi mbele ya wanakamati wote, simu sikioni, na redio mezani inamjibu kwa sauti yangu kwamba sitapokea.

Chini kukawa na kitu kama mkutano wa dharura. Hawawezi kunipata kwenye redio kwa sababu mstari nimeukalia mimi. Mtambo hawawezi kuuzima, ufunguo uko shingoni mwangu. Shangazi magoti hayamruhusu ngazi. Akatumwa Bakari. Nami kutoka juu, ya sita nimeshaipita na redio ya akiba nimeisahau, nikamwona Bakari anapanda ngazi mbili mbili, nikajua kabisa anataka kunituma chai, ndiyo kawaida yake. Nikasema, "Bakari huyo, tumbo limetangulia, ngoja nijifiche," nikajibanza nyuma ya marobota ya mitumba ghorofa ya saba. Akapita. Nikakaa pale kwenye vumbi, shati limeganda mgongoni, na mimi nikichoka huwa naongea peke yangu. Ndiyo ugonjwa wangu.

Nikaongea. Nilimwongelea Mzee Kishor, mwenyekiti wa kamati, muuza vitambaa, ambaye asubuhi alimuuliza Shangazi kila swali mara tatu: "Yule mzee masikioni ana nywele za kutosha kusuka jamvi, ndiyo maana maneno hayapiti." Hapo ningenyamaza ningekuwa mpuuzi wa kawaida tu. Nikaendelea. "Na Shangazi naye kawaambia umeme ukikatika betri ya mtambo inakaa kutwa nzima. Betri gani? Betri imetoka kwenye bajaji ya Baba Sele! Umeme ukikatika, hata chai haijapoa, nayo imeshazima."

Hiyo ndiyo sentensi. Mengine yote yalikuwa aibu yangu, hii iligusa kazi ya Shangazi.

Nikainuka nikapanda mpaka paani, nikafungua mlango wa kile kibanda cha mtambo, nikapokelewa na joto kama la tanuri la mkate na harufu ya plastiki inayotaka kuyeyuka. Taa nyekundu ya kurusha inawaka, haizimi. Ripita haikuumbwa kuongea bila kupumzika, inapata moto, na ile ilikuwa imeongea mfululizo muda wote niliokuwa napanda ngazi. Nikapagawa. Nikatafuta cha kupepea, nikachomoa kitabu cha Fizikia kwenye begi, nikapepea mara moja, na taa nyekundu ikazimika.

Jamani, nilijiona mwamba! Niliamini nimeiponya kwa upepo. Nikarudisha redio kwenye chaneli yetu, nikapandisha sauti, nikabonyeza: "Kituo kikuu, kituo kikuu, hapa Chidi. Mwizi wa masafa amekimbia. Mawasiliano yamerudi. Ova."

Ikaja sauti ya Shangazi, ya chini, imechoka, ambayo sijawahi kuisikia: "Chidi. Shuka."

Na ya Bakari, anahema: "Na usijifiche. Ova."

Ngazi za kushuka zilikuwa ndefu kuliko za kupanda. Ghorofa ya saba wabeba marobota walinipisha wakisema, "Ngoja tujifiche." Ya sita mlinzi aliyekuwa anasubiri redio ya akiba akanyoosha mkono tu. Ya nne Mama Nasra alikuwa kwenye ngazi, mikono kiunoni, kigari chekundu kinazunguka miguuni pake. "Hiki bado hakijafa," akasema. "Unaona? Kipo hai." Nilikuwa sijaelewa bado. Nilifikiri jengo zima limeingiwa na kichaa.

Nikaelewa ofisini. Shangazi alichukua begi langu, akaichukua ile redio kwa mlinzi aliyeshuka nayo, akairudisha ndani, akaweka kitabu cha Fizikia pembeni, akaegemeza. Redio ya mezani ikalia kama paka. Wanakamati wote wakanigeukia. Ningekuwa na uwezo ningeingia mwenyewe kwenye lile begi na kuvuta zipu.

Mzee Kishor akakohoa. "Mama Mwanahawa. Betri ni ya bajaji?"

Hapo Shangazi angeweza kusema mtoto anatania, kila mtu pale alikuwa ameshajua mtoto ni wa namna gani. Alitazama mikono yake. "Ndiyo, mzee."

"Ya bajaji?"

"Ya bajaji."

"Bajaji hizi hizi?"

"Hizi hizi, mzee wangu."

"Samahani kuuliza mara tatu," Mzee Kishor akasema, akijigusa sikio. "Ni hizi nywele." Hakuna aliyecheka mpaka alipocheka yeye. Halafu akafunga mkutano. Kusikika, alisema, redio zinasikika, hilo hawana ubishi, yeye mwenyewe amesikia mpaka mtu anavyomeza mate. Lakini kazi hawezi kuitoa kwa betri ya bajaji. Shangazi alete betri inayoeleweka, waikatie umeme mbele ya kamati, wiki ijayo. Na baibui jipya likatoka pale limelowa mgongoni kama shati langu.

Tulirudi Ilala kwa miguu, polepole kwa ajili ya magoti yake. Hakunigombeza, na hilo ndilo lilinimaliza. Tulipofika karibu na kwake akaniuliza, "Mkasi uliutoa wewe?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unanikata kabla mbuzi hajaingia ofisini."

Akatembea kidogo. "Mimi nimekaa kwenye redio ya kuwapangia madereva wa teksi safari, toka msichana mpaka nikazeeka nayo. Hakuna dereva aliyewahi kunisikia hata nikikohoa, kitufe nilikiachia kwanza." Akafungua mlango, akaingia, akaniacha barazani.

Wiki iliyofuata alipata betri ya kweli. Sitaki kuongelea uzito wake. Niliibeba mimi, peke yangu, ngazi zote, napumzika kila ghorofa, na kila ghorofa kulikuwa na mtu wa kunikumbusha nilichosema. Ghorofa ya nne niliweka betri chini nikamwomba radhi Mama Nasra, akaniambia amenisamehe, ila ninunue kigari. Ghorofa ya saba nililala chali kwenye marobota yale yale, nikabana mdomo kwa mkono. Wakazima swichi kubwa ya jengo, ripita ikaendelea, Bakari akaita kutoka stoo ya chini akasikika kama yuko chumbani. Mzee Kishor akauliza, "Inafanya kazi?" Akauliza tena. Ya tatu alikuwa ananitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Shangazi akapewa kazi. Alisaini, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa baibui muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mkasi ameurudisha, na nenosiri la kompyuta amebadilisha. Redio yangu mimi ameiwekea mkasi wake wa peke yake, mfupi kabisa unaowezekana, na walinzi wamegundua, sasa kila jioni wananiomba kile kichekesho makusudi, wapate kusikia nikikatwa. Ndiyo mwisho wa umaarufu wangu. Naapa mbele yenu, sitagusa tena sifuri nisiyoijua, begi nalikagua kabla sijalivaa, na nikichoka nanyamaza. Kichekesho chenyewe, kama hamjakisikia, ni kifupi tu: mwalimu wa zamu amekaa, mlango ukafunguliwa, mbuzi akaingia ofisini, akamtazama mwalimu, aka