Uso Ndani ya Sanduku la Besi

Asubuhi ya mwisho ya kawaida waliyokaa pamoja, Romani alikuwa anachonga na mkewe Adelina alikuwa anakunywa uji. Uji wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, hauna sukari, maana sukari mwaka ule ilikuwa ya kusikia tu. Walikaa kizingitini, nyumbani kwao Mwananyamala, mlango wazi. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka, na ndoo tupu zilipangwa ukutani zikisubiri.

Kuchonga ndiyo kazi aliyokuja nayo Romani kutoka Newala. Kusoma hakujua. Alijua mti. Wachongaji wenzake wa njia ya Bagamoyo wangeweza kuokota kipande kilichochongwa naye, wakakigeuza mara moja, wakasema, huu mkono wa Romani. Kila mchongaji ana mkono wake, na wenzake wanaujua kama wanavyojua sauti yake.

Adelina naye hakusoma. Aliajiriwa kufagia kwenye kiwanda kimoja cha redio, wakamwona vidole vyake vyepesi, wakamkalisha kwenye meza ya kusuka koili za waya. Vipuri vilipokosekana watu wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na ufundi wake vidoleni. Hakuhesabu mizunguko ya waya. Alikuwa anaimba wimbo wa kutwanga wa kwao, polepole, na ubeti ukiisha ndipo waya umejaa safu moja. Ukimsemesha katikati anafumua anaanza upya, na siku hiyo hakusemeshi tena mpaka jioni. Basi kazi ikawa hivyo: mume anatengeneza masanduku ya spika, mke anayatia sauti.

Asubuhi ile Romani alikuwa anamaliza kigogo cha mpingo, kifupi, cha duara, upana wa kiganja, cha kusukia waya wa koili. Kigogo kilikuwa tayari. Lakini mkono wa mchongaji hauachi mti uchi. Kwenye ubapa wa juu akachonga uso wa mwanamke, na mashavuni akamtia chale zinazotoka sikioni kwenda mdomoni.

Adelina akauchungulia juu ya bakuli.

"Huyu nani?"

"Mama mmoja tu."

"Mbona ana chale zangu?"

"Wamefanana."

"Haya. Nitamfunga waya mpaka shingoni, asijione mzuri sana."

Wakacheka, mlango ukiwa wazi, mtu yeyote angepita akawasikia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Sadallah, muuza vitambaa wa Buguruni, mtu wa pwani, aliyeishi na mama yake mzee, Bi Tunu. Sadallah alikuwa ameleta televisheni ya rangi na video kutoka Unguja. Huku bara vitu hivyo vilikuwa haviruhusiwi kuingizwa. Aliviingizaje, ni yeye na Mungu wake. Akataka chumba chake cha nyuma kiwe sinema, na sauti yake iwe ya sinema. Romani akamtengenezea sanduku la besi la mninga, kubwa kama kabati la vyombo. Kwa mbele akalipigia milango ya uongo, ili mgeni akiingia aone kabati. Halikupita mlangoni, ilibidi aliungie mle mle chumbani.

Mchana wakaenda kulifunga. Adelina akaingiza koili yake ndani ya sanduku, akaiweka mbele ya spika kubwa. Kwenye spika ndogo mbili akaweka kapasita. Koili na kapasita pamoja, mafundi wa mjini waliviita krosova, kifaa cha kugawa sauti. Adelina alikiita mlango.

"Sauti nene ipite huku, nyembamba ipite kule," alimwambia Sadallah. "Zikipita mlango mmoja zinakanyagana. Na nene ikiingia kwenye hizi ndogo, inazichoma."

Madirisha yakafungwa, video ikawashwa. Farasi wakaja mbio kwenye kioo, lakini kishindo hakuna.

"Mama Yustina," Sadallah akamwambia Adelina, "hawa farasi au kuku?"

Adelina akazima amplifaya, akachukua betri ya tochi, akaigusisha kwenye nyaya za spika ndogo. Ngozi zake zikaruka nje. Akaigusisha kwenye nyaya za kubwa vilevile. Ikazama ndani.

"Umeona? Wenzake wanasukuma, yeye anavuta. Wanauana."

Akageuza nyaya za ile kubwa. Akawaambia wanaume walisogeze sanduku, litoke pembeni, maana ukutani pale linanguruma ovyo. Akaenda kusimama mlangoni, akainamisha kichwa, akawaonyesha kwa mkono: bado, bado, hapo.

Farasi wakaja tena. Safari hii Romani aliwasikia kwa nyayo na kwa tumbo. Akafurahi. Kisha akaelewa kuwa kishindo kile hakikubaki chumbani. Sauti nyembamba inazuiwa na dirisha. Ile nene inapita ardhini.

Mlango wa mbele ukagongwa.

Sadallah akazima kila kitu. Wakasimama gizani, watu watatu, kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake. Sauti ilikuwa ya Mzee Mfaume, balozi wa nyumba kumi, anayekaa nyumba ya pili.

"Bi Tunu, humo ndani mnafanya nini? Vikombe vyangu vinatembea mezani."

"Natwanga, Mfaume."

"Kinu gani hicho kinatwanga kama lori?"

"Cha marehemu. Kama yeye mwenyewe, kelele nyingi unga kidogo."

Mzee Mfaume hakucheka. Romani alisikia kandambili zake zikizunguka nyumba, zikasimama chini ya dirisha, zikakaa pale. Halafu zikaenda zake.

Jioni ile ile redio ikatangaza. Mwenye mali aieleze ilikotoka. Mwenye kuificha ni mhujumu uchumi, na nyumba zitapekuliwa.

Hofu iliyoingia mjini, Romani hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Watu walitupa vitu. Mtaroni Mwananyamala zilikutwa katoni za sabuni, vitenge vya doti zima, friji limelala chali kama mgonjwa. Wengine walinunua kwa jasho lao na wakatupa vilevile. Sadallah aliitumbukiza televisheni chooni na video juu yake, akavuka kwenda Unguja bila kuaga. Mama yake akabaki. Na sanduku likabaki, kwa sababu halikupita mlangoni.

Romani akaacha kula. Kila kandambili iliyopita nje aliisikia kama ya Mzee Mfaume. Mwishowe akasema.

"Mama Yustina, ule uso."

"Uso gani?"

"Wa kwenye kigogo. Wakifungua sanduku watauona. Watakipeleka kwa wachongaji, watauliza mkono huu wa nani. Watajua ni mie."

Adelina alikuwa anachambua mchicha. Akautua.

"Wewe unaogopea mkono wako," akasema. "Uso si wangu? Hawahitaji mchongaji. Wanahitaji mtu mwenye macho. Buguruni nzima ni nani mwenye chale hizi, na amekuwa akiingia nyumba ile?"

Romani akatazama mashavu ya mkewe. Akajiona amemchora, amemtia sandukuni, amewaachia polisi.

"Nitakwenda mie," akasema.

"Wewe kufungua utafungua. Ukikata waya siyo wenyewe, na spika imeungwa, utahangaika humo mpaka kesho. Mie naijua gizani. Nipe bisibisi na ile ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Kwani maji yamerudi?"

Wakaenda mchana kweupe, yeye mbele, Romani nyuma kwa mbali, kama watu wasiojuana. Hivyo ndivyo alivyotaka Adelina. Wakikamata, wakamate mmoja. Romani akasimama kwa muuza machungwa ng'ambo ya nyumba ya Bi Tunu, akanunua chungwa, akalishika bila kulimenya. Aliona mkewe anaingia uani. Aliona mlango unafungwa.

Kisha akamwona Mzee Mfaume anatokea njia ya sokoni, na nyuma yake mgambo wawili.

"Unalikamua chungwa langu," muuza machungwa akamwambia. "Kula basi."

Romani hakumsikia. Mgambo walikuwa wanakuja bila haraka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alitaka kuvuka njia, akakumbuka: wakikamata, wakamate mmoja. Walipofika barazani, mlango wa uani ukafunguka, Adelina akatoka na ndoo ya maji kichwani, shingo imenyooka.

"Mama, simama. Umebeba nini?"

"Maji."

"Unatoka wapi?"

"Mwananyamala."

"Maji ya Mwananyamala unayafuata Buguruni?"

"Njoo uone bomba letu, utanihurumia."

"Tua."

Akatua ndoo chini. Ngata ikabaki mkononi mwake, imeviringwa kwa kitenge kikuukuu. Ngata ya duara, upana wa kiganja. Romani ndipo alipoelewa, na chungwa likapasuka mkononi.

Mgambo mkubwa akakunja shati, akazamisha mkono ndooni mpaka kiwiko, akapapasa chini. Maji matupu. Yule kijana akawa anamkodolea macho Adelina usoni.

"Mama, hizi chale ulipigana na chui?"

"Nilipigana na bibi yangu. Na alinishinda."

Wakacheka, yule mkubwa naye akacheka huku anakung'uta mkono. "Haya, mtwike mama aende." Kijana akachukua ile ngata amwekee kichwani. Akaipima mkononi.

"Mbona ngata yako nzito hivi?"

Adelina hakubabaika. "Sie watu wa Newala tuna vichwa vigumu, mwanangu. Ngata ya kitambaa kitupu tunaisaga."

Mzee Mfaume akasogea karibu. Akaitazama ngata, akamtazama Adelina, mashavu mpaka macho. Romani aliona hivyo kabisa.

"Mwacheni aende," mzee akasema. "Maji yanaingia vumbi."

Alijua au hakujua, Romani hajapata kujua mpaka leo.

Kutoka Buguruni mpaka Mwananyamala ni mbali kwa mtu mwenye ndoo. Adelina aliibeba njia nzima hakuitua. Romani akimfuata, anataka kumpokea, anaogopa kumkaribia. Kila baiskeli iliyotokea nyuma yao aliisikia shingoni.

Sanduku la Bi Tunu lilifunguliwa siku ile ile. Walikuta spika na nyaya zilizokatwa. Bi Tunu akawaambia mwanawe alikuwa anapenda kelele, mengine hajui. Hakuna aliyekuja Mwananyamala.

Lakini asubuhi ya kawaida haikurudi. Uji waliunywea ndani, mlango umefungwa. Adelina aliacha kuimba akisuka, akawa anahesabu kimoyomoyo, na kazi yake haikuwa ile tena. Masika ya mwaka wa pili kifua kikamlaza. Siku ya mwisho, wodini, mtu aligonga mlango tu, nesi labda, na macho ya Adelina yakauendea mlango kabla hayajamwendea mumewe. Romani alimshika mkono. Ulikuwa baridi tangu asubuhi.

Kigogo kipo kwenye meza ya Romani, karibu na kitanda. Kimebaki kwa sababu ya maneno aliyoyasema mkewe siku ile ile ya ndoo, walipofika na mlango kufungwa. Adelina alifungua kitenge, akafumua waya wote mpaka kigogo kikabaki peke yake, uso juu. Romani alikuwa bado anatega sikio mlangoni. Akachukua kisu, akakiweka kwenye shavu la mpingo azikwangue zile chale, asibaki mtu wa kumjua. Adelina akamshika kiganja, mkono wake bado una maji ya ndoo.

"Acha uso wangu, baba Yustina. Umepita mbele ya mgambo haukukatwa, uje ukatwe nyumbani?"