Usukani Mzito wa Mzee Mativo

Alfajiri za mtaa wa Shauri Moyo zimepungukiwa na mlio mmoja. Pikapu ya Mzee Mativo ilikuwa ikikata kona ya nyumba za baraza la jiji huku ikiguna kama ng'ombe anayevutwa asikotaka kwenda, na waliokuwa kitandani walijua maseremala wa soko la Gikomba wanakaribia kufungua. Siku hizi kona ile iko kimya, na wapo wanaochelewa kazini.

Mativo alibeba vitanda na makabati kutoka Gikomba hadi Njiru, kwa watu wanaohamia nyumba ambazo saruji yake haijakauka. Tangu mkewe afariki, kazi hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani na kumrudisha. Bintiye Kavinya alikuwa amemwambia waziwazi: siku atakayokaribia kugonga mtu, funguo atazichukua yeye. Na siku hiyo ilifika. Pale Gikomba, kwenye kona, pikapu ilikwenda moja kwa moja, ikasimama karibu kabisa na mkokoteni uliojaa marobota ya mitumba.

"Mzae, unaendesha ama unaota?" akafoka mwenye mkokoteni. "Si ukate kona!"

"Ni stelingi," akasema Mativo, akiuonyesha usukani kwa kidevu.

Ndivyo alivyomwambia Kavinya habari zilipomfikia, na asubuhi iliyofuata wakaenda pamoja kwa Phares, fundi mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Mativo alimsalimia kwa heshima zote, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia kwenye kiwiko, kama kijana anavyomsalimia mkubwa. Phares, ambaye angeweza kuwa mwanawe, aliona haya.

"Mzee, utaniletea laana bure. Mimi ndiye wa kukusalimia hivyo."

"Omera, ndugu yangu, tengeneza gari. Huyu msichana amekuja kuninyang'anya funguo."

"Nimekuja kuona kama ni gari ama ni wewe, Baba," akasema Kavinya. Hakutabasamu.

Phares alichuchumaa mbele ya tairi za mbele. Zilikuwa zimelika katikati, pembeni bado nzima.

"Unajaza upepo kupita kiasi."

"Ni ya mzigo."

"Mzigo uko nyuma, mzee. Umejaza za mbele ili stelingi iwe nyepesi. Hii kitu umeivumilia sana."

Mativo akatazama barabara. Alikuwa amevumilia kwa sababu dereva wa umri wake akilalamika kwamba usukani ni mzito, watu hawatazami gari. Wanamtazama yeye.

Phares aliinua mbele kwa jeki, akazungusha usukani injini ikiwa imezimwa. Magurudumu yalifuata bila kukwama. Viungo vya chini vilikuwa vizima. Akafungua kopo la mafuta ya usukani. Mafuta yalikuwa yamejaa povu, yamepauka kama chai ya maziwa. Akaupapasa mpira unaopeleka mafuta kwenye pampu mpaka kidole kikagusa ufa.

"Inavuta hewa hapa. Pampu inasukuma povu, na povu halina nguvu."

Mativo alishusha pumzi ndefu. "Umesikia, Kavinya? Povu!" Akamwambia hata mama aliyeuza chapati kando ya kibanda, ambaye hakuwa ameuliza kitu. "Ni povu, mama. Wananiita mzee, kumbe ni povu."

Phares alifunga mpira mpya, akamimina mafuta mapya, akawasha injini na kuuzungusha usukani huku na huku, magurudumu yakiwa bado hewani, mpaka povu likaisha na pampu ikaacha kuguna. Akalishusha gari. Akauzungusha tena, kwa kidole kimoja.

Mativo akapanda. Kavinya akaketi kando yake, na Phares akasimama kwenye ubao wa kukanyagia, nje ya mlango wa dereva, ili aisikilize pampu. Waliondoka polepole. Karibu na kona, mkono wa kushoto ulikwenda kwenye gia, na usukani ukabaki na wa kulia peke yake.

Kona ikafika. Usukani haukuzunguka. Mbele yao wanawake wawili wenye beseni za dagaa wa omena waligeuka, mmoja akapiga kelele.

"Breki, mzee! Breki!" Phares aliingiza mkono dirishani, akauzungusha usukani. Gari likasimama ukingoni mwa mtaro.

"Bado nzito," akasema Mativo.

Phares alikuwa ameusikia wepesi wa usukani ule kiganjani mwake mwenyewe. Aliutazama mkono wa kulia wa mzee ukiteleza hadi mapajani na kulala hapo.

"Mzee," akasema taratibu, "nisalimie tena. Mkono mmoja tu."

Mativo hakusogea. Kavinya alijipinda, akauchukua mkono ule na kuutia ndani ya wake.

"Nifinye, Baba."

Wakangoja.

"Nifinye."

"Nafinya, mwanangu."

Kavinya akafumba macho. "Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Niliamka mkono umekufa ganzi. Halafu stelingi nayo ikaanza kuharibika." Aliyatazama magoti yake. "Nikamshukuru Mungu."

Akazima injini kwa mkono wa kushoto, akachomoa ufunguo na kumpa bintiye kabla hajaombwa. Walibadilishana viti, wakaenda hospitali. Kilikuwa kiharusi kidogo, daktari alisema, na shinikizo la damu lilikuwa juu.

Mzee Mativo sasa anaishi Njiru kwa Kavinya, na kila Jumatano huenda kliniki kufanyishwa mazoezi ya mkono.