Hadithi za Kuanikia Nguo

Nilipoanza kutunga hadithi za sauti nilikuwa mtu mzima kabisa, mshonaji wa mapazia Eastleigh, mwenye magoti yanayolalamika nikipanda ngazi. Hakuna aliyenituma. Jumapili moja baada ya kanisa nilijifungia ndani ya kabati la nguo, maana jengo letu la Kware lina kelele pande zote, nikaishika simu karibu na mdomo nikaanza kusimulia habari za mjane mwenye mashine ya kusaga unga. Mjane huyo alikuwa na wachumba wawili, mwalimu wa kwaya na mwenye bucha. Mvua niliitengeneza kwa kumimina ndengu kwenye sinia. Nilipotoka nilikuwa nimelowa jasho, na nilijisikia kama mtu aliyeshiba.

Wasikilizaji niliwatafuta hapo hapo karibu. Tangu shule ya msingi tumekuwa marafiki watatu: mimi, mmoja anayeoka keki Donholm, na mwingine karani wa ofisi mjini. Tulikuwa na kikundi chetu kwenye simu, cha umbea na salamu. Nikawatumia sehemu ya kwanza.

Hadithi ilikuwa ya nusu saa. Dole gumba la rafiki wa Donholm, ile alama ya pongezi ya kwenye simu, lilifika kabla sijapata hata maji ya kunywa. Nililifurahia bila kupiga hesabu.

Kila Jumapili nikawa natuma nyingine. Karani alivumilia kidogo, kisha akaniandikia: "Mpenzi, simu yangu imejaa. Hata picha za watoto nimeanza kufuta." Akatoka kwenye kikundi. Yule wa Donholm alibaki na madole gumba yake, mengi na ya haraka. Na mimi, badala ya kushukuru, nikawa mwalimu wa mitihani. Tukikutana kwa chai ya mwisho wa mwezi, kabla sukari haijayeyuka nishauliza, "Na huyo mwalimu wa kwaya unamwonaje?"

"Ako sawa," alikuwa akisema, akitazama dirishani.

"Sawa namna gani?"

Ajabu ni kwamba walianza kuwa na shughuli nyingi. Chai ikaahirishwa mwezi mmoja kwa sababu ya harusi, mwezi uliofuata kwa sababu ya meno. Nikabaki na hadithi nzuri na kikombe kimoja.

Sasa, nina tabia ya kuisikiliza kazi yangu tena ili nijue nilipokosea. Jumamosi moja nilipanda na karai la nguo hadi kwenye paa tunapoanika, nikaiweka simu juu ya ukuta, nikaifungulia sauti. Jirani wa ghorofa ya nne, mama mwenye mapacha, alikuwa upande wa pili wa mashuka.

"Hiyo ni redio gani?" akauliza.

"Ni kitu tu nilitumiwa," nikasema.

Akaendelea kukamua. Baada ya muda akasema, "Huyo mama anasoma kama mtu ana mafua."

Kweli nilikuwa na mafua wiki ile. Nikaning'iniza blauzi. Lakini nilipomaliza kuanika na kuichukua simu, akanyoosha mkono wenye povu.

"Ngoja kwanza. Si aseme atamchukua nani?"

Jumamosi iliyofuata alikuja na wenzake wawili, na nguo ambazo, kwa macho yangu, zilikuwa safi tayari. Waligeuza ndoo wakazikalia. Walibishana na simu yangu kana kwamba inawasikia. Wote walikuwa upande wa mwenye bucha.

"Mwalimu wa kwaya atamlisha nini?" mama mapacha akauliza. "Sauti ya nne?"

Siku walipotaka kujua kama mjane ana watoto, nikajibu bila kufikiri, "Mmoja, ako Nakuru, atakuja wiki ijayo." Wakanigeukia wote pamoja. Ndipo mama mapacha akasema taratibu, "Kumbe mafua yalikuwa yako." Hakuomba msamaha. Alinisogezea ndoo nikae.

Nilikuwa nimepata wasikilizaji, nao ni wakali. Nilipomfanya mwenye bucha atoroke na ng'ombe wa mjane, paa zima lilininunia.

Katika wiki hiyo hiyo rafiki wa Donholm alikuja kunitembelea, kwa sababu mjomba wangu alikuwa amefariki na yeye habahatishi mambo ya msiba. Alileta keki na majani ya chai. Nilikuwa juu naanua nguo, akanifuata huko. Mama mapacha akampa mkono.

"Pole na safari. Wewe ndiye rafiki yake? Basi utuambie, unamwonaje mwenye bucha?"

Rafiki yangu akanitazama, akalitazama anga, kisha akasema kwa heshima zote, "Ni mtu wa kutegemewa."

Mama mapacha akacheka mpaka akashika kamba, na shuka likaanguka.

Tulishuka hadi jikoni kwangu. Nikabandika maji. Yeye akakata keki.

"Ulisikiza ngapi?" nikauliza.

"Moja. Nusu. Nililala."

"Na yale madole yote?"

"Si hadithi zilikuwa zako? Ningekosaje kukupongeza?" Akanisukumia kipande kikubwa. "Mimi hadithi hazinikai, hata shuleni unajua. Lakini mjomba wako nilimpenda. Sasa niambie mazishi ni lini, na nani atapika."

Nilitaka kukasirika, nikakuta sina pa kuanzia. Nikamwambia kuhusu mazishi. Aliuliza kila kitu, mpaka jina la kijiji na hali ya barabara, akasikiliza kwa kiwiko juu ya meza hadi chai ikapoa.

Tangu hapo simtumii hadithi, wala karani simtumii. Tuliporudia chai ya mwisho wa mwezi, tuliongea juu ya viatu. Karani alikuwa amenunua jozi inayombana na hataki kukubali, nasi tulimfanya atembee mkahawani kwenda na kurudi, wahudumu wakitazama, mpaka akavivua na kuviweka juu ya kiti cha nne.