Tuta Lililokanyagwa na Ng'ombe

Makoye ni mdogo wa marehemu mume wangu. Nilipoolewa nilimkuta bado anachunga ndama, kwa hiyo ni shemeji yangu na pia ni kama nimemlea. Wanaosema hapa kijijini kwetu, huku Kishapu, kwamba ni yeye aliyetuharibia kwa serikali, wanasema kwa kuwa hayupo. Mimi nipo. Herufi nilizopata ngumbaro zinanitosha kuandika lilivyokuwa.

Ujana wake aliumalizia Geita kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, akipanda na kushuka kwa kamba mpaka kifua kikajaa vumbi. Wenzake walirudi na pikipiki. Yeye alirudi na kikohozi na ng'ombe wawili, mmoja kilema. Walimcheka sana kwa yule kilema, na yule kilema ndiye aliyelijaza zizi lake.

Alipotulia akajipa kazi ambayo hakuna aliyempa, kulinda lambo. Ni bwawa letu la udongo, baba zetu walilichimba kwa majembe, na upande wa bondeni lina tuta refu la kuzuia maji. Huku kwetu mvua ikikata imekata. Kiangazi chote hatuna maji mengine, ya ng'ombe ni hayo na ya mtu ni hayohayo. Makoye alikuwa anaziba mashimo ya panya kwenye tuta, anang'oa miche ya miti kabla mizizi haijalipasua, anawafukuza wanaofulia nguo ukingoni. Ukipita pale bila kumsalimia alikuuliza kama umekuja kuiba maji.

Mwaka juzi masika yalikuja kwa hasira, na mchana mmoja tuta likapasuka. Pengo lilitosha kupita mkokoteni. Makoye akapiga mwano. Mwano ni yowe letu la Wasukuma, ukilisikia huulizi kuna nini, unashika ulichonacho unakwenda. Asiyekwenda anatozwa mbuzi, na mbuzi huyo wanamla waliokwenda, yeye akiwatazama.

Tulikwenda. Wanaume waliingia majini na magogo na matawi ya miiba, sisi wanawake tukabeba udongo wa kichuguu kwa makarai. Tukiwa katikati ya kazi akafika Sostenes, mwenyekiti wa kijiji, simu mkononi. Akasema amezungumza na wilayani na kuna sheria mpya. Zamani lambo likibomoka habari zilikwenda mkoani, zikaenda wizarani, zikasubiri mhandisi, na lambo likawa shamba. Sasa uharibifu mdogo kama wetu unaishia wilayani. Anakuja afisa mmoja, anaona, anapiga picha, basi mawe na saruji vinakuja. Ila tusiguse kitu mpaka afike.

Makoye alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani. Akauliza, "Anafika lini?"

"Wiki hii au ijayo. Barabara ikipitika."

"Basi yaambie maji yamsubiri, mwenyekiti."

Watu walicheka. Sostenes naye alicheka, akatia simu mfukoni, akavua viatu, akaingia. Hilo siku hizi halikumbuki.

Pengo likazibika na nusu ya maji ikabaki. Makoye hakuridhika. Alisema udongo uliomwagwa tu ni uji, lazima ukanyagwe. Akaomba ng'ombe wa kijiji kizima, akawapitisha juu ya tuta kwenda na kurudi, asubuhi na jioni, mpaka pakawa pagumu kama sakafu ya nyumba. Halafu akapanda majani juu yake. Mvua za mwisho zikayaotesha.

Barabara ilipokauka afisa akaja, binti anaitwa Violeth. Alikuwa na adabu, alitupa shikamoo mmoja mmoja. Akatembea tuta lote mpaka mwisho, akarudi, viatu vyake vimejaa tope, akauliza pengo lilikuwa wapi. Makoye akamwonyesha.

"Halionekani, baba," akasema.

"Halionekani kabisa," Makoye akajibu, akatabasamu. Masikini, alidhani anasifiwa.

Binti akatuuliza kama kuna mtu aliyepiga picha siku ile. Nani apige? Wote tulikuwa na udongo mikononi. Akasema sheria kweli imepunguza safari na mihuri, ila imebakiza jambo moja, kwamba afisa anaandika alichokiona kwa macho yake. "Ninachokiona hapa ni lambo zima," akasema. "Nikiandika vingine nitakuwa nimedanganya." Sikumlaumu. Hata mimi nisingemwandikia mtu uongo.

Lambo la kijiji jirani lilipasuka kwa mvua ileile. Wao hawakupiga mwano. Walikaa, maji yao yakaenda zake, binti akaja akapiga picha, na kabla pamba haijavunwa mawe na saruji vikafika. Walipata tuta jipya la kupendeza, kavu ndani kama chungu. Kiangazi wakaleta ng'ombe wao kunywa kwetu. Mmoja wao, mtani wetu wa siku zote, akamwuliza Makoye ng'ombe wake wakiwa wanakunywa: "Tuta lenu zuri, bhabha. Serikali ilikuja kulisifia?"

Kicheko kile ndicho kilichotuharibu. Tangu siku ile watu walianza kulitazama tuta letu kama ugonjwa.

Mkutano ukaitwa. Sostenes akasema maji sasa yamepungua, tufungue kidogo palepale palipopasuka, binti aje apige picha, hakuna atakayeumia. Wengi wakaitikia. Wakamtaka Makoye aonyeshe mahali penyewe.

"Palikanyagwa na ng'ombe wenu," akasema. "Waulizeni ng'ombe."

Nikasimama na mimi. Nikasema yule binti alikataa kutudanganyia, sasa sisi tunataka kumtengenezea uongo wa kuuona kwa macho. Nikaambiwa nikae, mama wa watu, mambo haya ni ya maendeleo. Sikukaa. Lakini jembe halikupigwa, maana hakuna aliyekubali liwe lake la kwanza. Kilichokatwa ni salamu. Makoye alipita akaitikiwa kwa kidevu, na akina mama waliokuwa wananipisha lamboni wakajifanya hawanioni.

Masika yaliyofuata maji yalipanda mpaka ukingoni, yakaanza kulamba juu ya tuta. Makoye akapiga mwano. Nilikuwa napepeta mtama. Nikatupa ungo, nikachukua karai nikakimbia, na magoti yangu nayajua mwenyewe.

Wala sitasema watu hawakuja. Walikuja. Walisimama kule juu penye ukavu, na simu zao wamezinyanyua. Makoye alikuwa peke yake kwenye tuta anatupia udongo, anakohoa. Nikampelekea karai moja, nikampelekea jingine.

Sostenes akaita kutoka kule juu, "Toka hapo, Makoye. Acha lipigwe picha."

Makoye akageuka akawatazama wote. Akanishika mkono, akanitoa juu ya tuta kama mtu anayemtoa mzazi wake kwenye nyumba inayoungua, na tuta likaenda. Niliposhika pumzi nilimwendea Sostenes nikamwuliza, "Mbuzi wako yuko wapi?" Akajifanya anatafuta kitu kwenye simu.

Serikali ilifanya kama ilivyoahidi, sitaisingizia. Binti alikuja mapema, na safari hii alikuwa na cha kuona. Mawe yakaja, saruji ikaja, tukapata ukuta ambao baba zetu wasingeuota. Lakini kiangazi hicho ukuta haukuwa na maji ya kuzuia. Ng'ombe walipelekwa mbali kunywa, wengine hawakurudi. Kizazi cha yule kilema kilikwisha njiani. Makoye akauza waliobaki, akaenda Geita kwa binti yake Juliana, anayepikia wachimbaji chakula. Anakaa nyuma ya jiko lake, karibu na mashimo yaleyale yaliyomla kifua.

Mwaka huu lambo limejaa. Watu wanalisifia na mimi nachota, maana kiu haina kiburi. Juzi Juliana alinipigia simu, akampa baba yake.

"Limejaa?" akaniuliza.

"Limejaa."

"Ng'ombe wanapitishwa juu ya tuta?"

Nikamwambia hapana, wamezungusha senyenge, ng'ombe hawaruhusiwi kukanyaga. Nikamsikia anakohoa. Halafu akaniuliza habari za mtama.